Msikiti wa Waandalusi wa Fes: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayetaja misikiti ya Fes hutaja al-Qarawiyyin, na ana haki ya kufanya hivyo. Ukurasa huu unahusu msikiti mwingine, ulio ng'ambo ya pili ya mto, ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja umekuwa ukitajwa baada ya mwenzake. Haya ni maswali yanayorudiwa sana na wasomaji wa Kiswahili. Penye mengi nimejibu kwa kirefu, penye machache nimepita.

Uko wapi hasa?

Uko Moroko, ndani ya mji mkongwe wa Fes, Fes el-Bali, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mto unaukata mji huo sehemu mbili. Upande wa magharibi kuna al-Qarawiyyin, masoko makubwa na kaburi la Idris II. Upande wa mashariki ardhi inapanda kuelekea lango la Bab Ftouh, na kwenye mwinuko huo ndipo uliposimama Msikiti wa Waandalusi. Msomaji wa Unguja ataelewa upesi nikimtajia Mji Mkongwe na Ng'ambo: watu ni wamoja na dini ni moja, lakini kila upande una fahari yake na namna yake ya kumtazama jirani.

Wageni wengi hawavuki mto. Wanaovuka kutoka uwanja wa R'cif huona maduka ya kumbukumbu za watalii yakipungua kadiri wanavyopanda, na mbele yao unabaki mtaa wa watu wanaoishi: msikiti, chuo cha Qur'ani, hamamu, tanuri la mkate na bomba la maji la umma. Vitu hivyo vitano ndivyo vilivyoufanya mtaa wa Fes uhesabiwe kuwa mtaa kamili tangu zamani.

Waandalusi hao ni nani? Ndio waliokimbia Granada mwaka 1492?

Sio wao. Waandalusi walioupa msikiti jina walifika karibu karne saba kabla ya Granada, dola ya mwisho ya Waislamu wa Hispania, kuanguka.

Mwaka 818, wakazi wa kitongoji kimoja cha Cordoba, mji mkuu wa Andalusia (Hispania ya Waislamu), ng'ambo ya mto kutoka kasri la mtawala, waliasi dhidi ya amiri al-Hakam wa Kwanza wa Bani Umayya. Walichoshwa na kodi na ukali wa askari wake wa kukodi. Maasi yalizimwa kwa damu. Wanahistoria wa zamani wanaeleza kwamba wakubwa 300 wa kitongoji walisulubiwa, nyumba zikabomolewa hadi msingi, na waliosalia wakaamriwa kuondoka. Kundi moja lilifika Aleksandria, na baadaye likaiteka Krete. Kundi jingine lilivuka bahari hadi Fes, mji uliokuwa bado mchanga.

Idris wa Kwanza, mzao wa Mtume kupitia kwa Hassan, aliuanzisha mji ule mwaka 789 baada ya kukimbia mkono wa Bani Abbas. Mwanawe, Idris wa Pili, alianza kujenga upande wa magharibi mwanzoni mwa karne ya 9. Alihitaji watu wenye ufundi, na wakimbizi wa Cordoba walikuwa waashi, wakulima wa bustani na mafundi. Akawapa ng'ambo ya mashariki. Wengine waliofika kutoka Kairouan, katika Tunisia ya leo, wakakaa magharibi. Hivyo pande zote mbili za Fes zilipata majina kutokana na wageni waliokuja kutafuta mahali pa kuishi. Sioni namna ya kuisoma historia ya msikiti huu bila kuanzia hapo.

Nani aliujenga?

Kwa mapokeo ya Fes, ni Maryam al-Fihriyya, binti wa tajiri aliyehamia kutoka Kairouan, Muhammad al-Fihri. Aliuanzisha mwaka 245 wa Hijria, yaani 859 au 860, kwa mali aliyorithi kwa baba yake. Dada yake, Fatima al-Fihriyya, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa al-Qarawiyyin katika mwaka huohuo. Mapokeo yanaongeza kwamba wakazi wa Kiandalusi wa jirani walichangia fedha zao, na ndiyo maana msikiti ukachukua jina lao badala ya jina la Maryam.

Hicho kipengele cha mwisho hupitwa haraka kwenye masimulizi, nami nakithamini kuliko vyote. Kizazi cha pili cha watu waliobomolewa nyumba kilitoa walichokuwa nacho ili kiwe na mahali pake pa kusujudu.

Je, habari ya dada hao wawili ina uhakika?

Jibu la haki lina pande mbili.

Upande mmoja, masimulizi yanayotajwa zaidi yametoka kwa Ibn Abi Zar, mwanahistoria wa Fes aliyeandika mwaka 1326, zaidi ya miaka 460 baada ya tukio. Baadhi ya watafiti wanaona ulinganifu ule, dada wawili, misikiti miwili, mwaka mmoja, kila mmoja na ng'ambo yake, umepangika mno kuwa historia tupu. Tena katika matengenezo ya al-Qarawiyyin ya karne ya 20 ulionekana ubao wa mwerezi wenye maandishi yaliyochongwa yanayosema kwamba msikiti ulijengwa kwa amri ya Dawud mwana wa Idris mwaka 263 wa Hijria, yaani 877. Wapo wanaosema ubao huo ulitoka msikiti mwingine ukahamishiwa pale. Mjadala haujafungwa.

Upande wa pili, hakuna la ajabu katika mwanamke Mwislamu wa karne ya 9 kurithi mali, kuimiliki na kujenga msikiti. Sheria ilimpa haki ya kurithi, na wanawake waliotoa mali zao wakfu wamejaa katika historia ya miji ya Kiislamu. Kwa hiyo kinachotiliwa shaka ni umbo la simulizi. Uwezekano wa mwanamke kujenga uko wazi kabisa. Mimi namtaja Maryam kila ninapoutaja msikiti huu, nikieleza kwamba ni mapokeo. Kumfuta kwa sababu mwandishi alichelewa kungekuwa kosa kubwa kuliko kumtaja kwa tahadhari. Na inaniuma kwamba hata ndani ya mapokeo yenyewe, jina la Fatima limeenea duniani huku la Maryam likibaki kama mkia wa sentensi.

Msikiti wa kwanza ulikuwaje?

Mdogo. Al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia wa karne ya 11, anaeleza safu saba za nguzo za mawe ya chokaa na ua mdogo uliopandwa mjozi na miti mingine. Maji mengi yaliingia kwa mfereji ulioitwa Wadi Masmuda. Hapo mwanzo haukuwa msikiti wa Ijumaa. Watu wa ng'ambo hiyo walisikiliza hotuba kwenye msikiti mkongwe zaidi wa enzi ya Idris. Hotuba ilihamishiwa hapa katika karne ya 10, watu walipozidi nafasi.

Kwa nini mimbari yake ina sifa kubwa kiasi hicho?

Kwa sababu mimbari hiyo imebeba vita nzima.

Katika karne ya 10, Afrika Kaskazini ilivutwa na madola mawili. Mashariki walikuwa Wafatimia, Mashia wa Ismailia waliotawala kutoka Tunisia kisha Kairo. Kaskazini walikuwa Bani Umayya wa Cordoba, Masunni waliojitangazia ukhalifa mwaka 929. Fes ilikuwa katikati, ikitekwa na huyu, ikikombolewa na yule. Msomaji akumbuke kwamba enzi hizo kutajwa na kuombewa dua katika hotuba ya Ijumaa ndiko kulikomtambulisha mtawala. Aliyeshika mji alishika mimbari siku hiyohiyo.

Mwaka 980, Buluggin bin Ziri, aliyetawala Maghreb kwa niaba ya Wafatimia, aliteka Fes, na mimbari mpya ya mbao ikatengenezwa kwa ajili ya Msikiti wa Waandalusi. Haikupita miaka sita, jeshi la Bani Umayya likarudi. Wangeweza kuichoma. Walichofanya ni kuondoa sehemu zilizobeba maneno ya mahasimu wao na kuweka ubao mpya wa mgongoni wenye tarehe ya mwaka 375 wa Hijria, yaani 985 au 986, pamoja na jina la khalifa Hisham wa Pili na la waziri wake al-Mansur Ibn Abi Amir, ambaye ndiye aliyekuwa mtawala halisi wa Cordoba. Khatibu aliyepanda ngazi zile Ijumaa iliyofuata alikanyaga mbao za Wafatimia na kuegemea ubao wa Bani Umayya.

Mwanzoni mwa karne ya 13, mafundi wa dola ya Almohad, Waberberi waliotawala Maghreb na Andalusia, waliifunika mimbari hiyo kwa mbao mpya zilizochongwa kwa mtindo wa wakati wao. Ile ya zamani ikabaki ndani, imehifadhiwa bila mtu kukusudia. Ilifichuliwa katika karne ya 20, wakati wa utawala wa Wafaransa, kwenye uchunguzi ulioongozwa na mwanahistoria Henri Terrasse. Ni miongoni mwa mimbari kongwe zaidi zilizosalia duniani; katika Maghreb, ile ya Msikiti Mkuu wa Kairouan ndiyo pekee inayoitangulia. Haitumiki tena msikitini. Imewekwa katika jumba la makumbusho la Dar Batha, palepale Fes.

Mtu akiniuliza aone kitu kimoja tu cha msikiti huu, nitamwelekeza kwenye mimbari hiyo. Nguzo za kuzungusha kwenye keezo, maua na nyota zilizochongwa, na juu yake majina ya watu waliodhani wataitawala Fes daima.

Na mnara?

Mnara ulijengwa mwaka 956, wakati Abd al-Rahman wa Tatu wa Cordoba alipokuwa na sauti Fes. Mnara wa al-Qarawiyyin ni wa mwaka huohuo na wa mdhamini huyohuyo. Yote miwili ni ya mraba, na juu ina kuba ndogo. Huu wa Waandalusi ni mwepesi wa mapambo. Kwa kulinganisha na kwetu, maandishi ya kihistoria katika Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 1107. Mnara huu ulikuwa umekwisha kusimama karne moja na nusu.

Ni kweli pande mbili za Fes zilipigana?

Ndiyo, tena ndugu kwa ndugu. Kwa muda mrefu zilikuwa miji miwili, kila mmoja na ukuta wake. Katika karne ya 11, wana wawili wa mtawala wa Kizenata (kabila la Kiberberi), al-Futuh na Ajisa, waligawana mji: al-Futuh akashika upande wa Waandalusi, Ajisa upande wa Kairouan. Walipigana hadi al-Futuh akamuua nduguye. Majina yao yamebaki kwenye malango ya mji, Bab Ftouh na Bab Guissa.

Aliyemaliza mgawanyiko ni Yusuf bin Tashfin wa dola ya Almoravid, iliyotangulia ile ya Almohad. Alipoiteka Fes, karibu mwaka 1070, aliamuru kuta zilizotenganisha pande mbili zibomolewe, na tangu hapo ukawa mji mmoja ndani ya ukuta mmoja. Tofauti za tabia hazikubomoka pamoja na kuta: waandishi wa zamani waliwasifu wa ng'ambo ya Waandalusi kwa ushujaa na kilimo, na wa upande wa pili kwa biashara na maisha ya raha.

Jengo la leo ndilo lile la Maryam?

Sio hilo. Ukiondoa mnara, karibu yote unayoyaona yanatokana na ujenzi mpya wa Muhammad al-Nasir, khalifa wa nne wa Almohad, kati ya mwaka 1203 na 1207. Yeye ndiye aliyeupa msikiti ukubwa wake na lango lake refu la kaskazini, lenye paa la mwerezi uliochongwa linalochomoza juu ya kichochoro, na chini yake vigae vya rangi. Lango hilo limetengenezwa upya mara kadhaa, pia katika karne ya 20, lakini bado ndilo linalomsimamisha mpita njia. Mlango wa namna hiyo ungefaa kasri, nao umewekwa kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, mahali ambapo huwezi hata kurudi nyuma vya kutosha kuutazama wote.

Miaka mitano baada ya kazi kukamilika, mwaka 1212, al-Nasir huyohuyo alishindwa vibaya na majeshi ya wafalme wa Kikristo wa Hispania katika vita vya Las Navas de Tolosa, na akafa mwaka uliofuata. Kufikia mwaka 1236 hata Cordoba ilikuwa imetekwa. Khalifa aliyejenga upya msikiti wa Waandalusi wa Fes ndiye ambaye mikononi mwake Andalusia yenyewe ilianza kumomonyoka. Jambo hilo nikilifikiria, lango lile silioni kama pambo tu.

Matengenezo mengine yalifuata, yakiwemo ya Moulay Ismail wa ukoo wa Alawi, aliyetawala kuanzia 1672 hadi 1727.

Ulikuwa mahali pa elimu pia?

Ndiyo, ingawa al-Qarawiyyin ilibaki juu. Watawala wa Marini, waliochukua Moroko baada ya Almohad, walijenga madrasa mbili jirani na msikiti huu katika miaka ya 1320. Madrasa ya Sahrij ilijengwa na Abu al-Hasan kati ya 1321 na 1323, alipokuwa bado mrithi wa kiti cha baba yake. Ua wake una birika refu, na mbao na plasta zilizochongwa pande zote. Ya pili, Sba'iyyin, iliyo ndogo, ilihusishwa na visomo saba vya Qur'ani. Wanafunzi walilala kwenye vyumba vya madrasa na kuingia msikitini kwa darsa na sala.

Nafasi ya msikiti wa mtaa katika elimu haikuwa lazima iwe ya kutoa maulamaa wakubwa. Mtoto aliyeanzia kwenye chuo cha mtaani ng'ambo hiyo angeweza kusonga hatua kwa hatua hadi al-Qarawiyyin bila kutoka nje ya kuta za mji.

Nani aliulipia miaka yote hiyo?

Wakfu. Watawala walijenga na kutengeneza, lakini mafuta ya taa, mikeka, maji, na posho za imamu, khatibu na muadhini zilitokana na mapato ya mali zilizowekwa wakfu: maduka, mahamamu, matanuri, nyumba na mashamba. Mtu wa kawaida aliweza kuweka wakfu sehemu ya duka, nayo ikaingia kwenye hesabu. Moroko huiita mali hiyo habous, na leo inasimamiwa na wizara ya serikali yenye jina hilo.

Wasomaji wa pwani yetu wanaijua kazi hii vizuri, pamoja na matatizo yake. Msikiti ukikosa wakfu hutegemea mchango wa kila Ijumaa. Ukiwa na wakfu uliosimamiwa kwa amana, hupita salama hata mtawala anapobadilika mara tano.

Huko wanasali kama sisi?

Sala ni ileile. Moroko ni ya madhehebu ya Maliki, na pwani yetu Masunni wengi ni Shafi, kwa hiyo kuna tofauti ndogo. Wamaliki wengi huachia mikono ubavuni wanaposimama katika sala. Qur'ani husomwa kwa kisomo cha Warsh, tofauti na Hafs tuliyoizoea. Na ipo desturi nzuri ya kusoma hizbu kwa pamoja, sauti moja, baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Hizbu ni 60, na kwa mbili kila siku, waumini wa mtaa huhitimu Qur'ani nzima kila mwezi. Natamani misikiti yetu mingi zaidi ingekuwa nayo.

Nimesikia kibla cha misikiti ya zamani ya Moroko hakielekei Makka sawasawa. Ni kweli?

Ni kweli kwa mingi. Kutoka Fes, Makka iko takriban mashariki, lakini misikiti mingi ya karne za mwanzo ilielekezwa zaidi kusini, na ukuta wa kibla wa msikiti huu uko upande wa kusini. Wanazuoni wa Maghreb waliujadili suala hili kwa karne nyingi, na wengi wao walishika kauli kwamba aliye mbali na Kaaba anatakiwa kuelekea upande wake kwa jumla. Kwa hiyo hawakuibomoa misikiti, wala hawakubatilisha sala za waliotangulia.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, hapana. Lakini upo mmoja wa kupendeza. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuacha maelezo yanayonukuliwa hadi leo kuhusu misikiti ya mbao ya Mombasa na uzuri wa mji wa Kilwa. Alirudi Moroko mwaka 1349, na ilikuwa Fes, kwa amri ya sultani Abu Inan, ambako safari zake ziliandikwa kwa imla na kukamilika mwaka 1355. Habari zetu za karne ya 14 ziliandikwa katika mji huu, wakati Msikiti wa Waandalusi ulipokuwa na umri wa karibu miaka 500.

Naweza kuingia?

Mwislamu anaingia kusali kama msikiti wowote. Asiye Mwislamu haruhusiwi ndani. Ndiyo kanuni ya misikiti karibu yote ya Moroko, iliyotiwa nguvu tangu mwanzo wa utawala wa Wafaransa mwaka 1912. Msikiti wa Hassan wa Pili, Casablanca, ni miongoni mwa michache inayopokea wageni wa aina zote. Lakini lango la kaskazini linaonekana vizuri kutoka nje. Ukifika Bab Ftouh, shuka kuelekea mtoni kwa miguu na uliza njia. Kila mtu wa ng'ambo hiyo anaijua. Epuka muda wa sala kama nia yako ni kupiga picha, kwa kuwa ngazi za lango ndizo njia ya wanaoingia na kutoka.